Nani apite, nani apishe: mwongozo wa barabarani kwa dereva na kwa mtu wa miguu

Kuna siku nimesimama kwenye zebra Bagamoyo Road, Dar es Salaam, maeneo ya Mwenge kule kuelekea Lugalo, hii ni kabla hawajaanza kuchimba kwa ajili ya njia ya mabasi ya mwendokasi. Mama mmoja ana beseni la samaki kichwani, nimemwona kashaweka mguu barabarani, nikakanyaga breki nikampungia mkono apite, naye akaanza kukatiza bila wasiwasi. Mimi nipo leni ya kushoto. Leni ya kulia inakuja Noah, haijapunguza hata kidogo, dereva anaona tu kigari changu kimesimama, labda anadhani nashusha mtu. Mama alipotokeza mbele ya boneti yangu ndio wakaonana. Breki zililia mpaka watu wa kituoni wakainuka, Noah ikaja kuishia juu ya michirizi yenyewe, beseni likaenda chini, vibua vikatapakaa lami nzima. Mama hakuguswa, namshukuru Mungu mpaka leo. Yule dereva akashusha kioo akasema "mama huoni gari?" na mama akamrudishia "na wewe huoni zebra?" Wote walikuwa wanasema kweli. Hawakuonana, na aliyewaficha ni mimi niliyekuwa najiona mstaarabu.

Toka siku hiyo nikimfundisha mtu gari (nimeshafundisha wadogo zangu wawili na shemeji mmoja mbishi) sianzi na gia. Naanza na hili la kupishana. Hata Sheria ya Usalama Barabarani tuliyonayo, ile ya mwaka 1973, ukiisikiliza vizuri kazi yake kubwa ni kumwambia mtu fulani "pisha". Kwaiyo hata kama zamu ni yako, hujui kama unapita salama mpaka umeona yule mwingine kweli kapisha. Hatua zangu zote hapa chini zimekaa juu ya hilo.

Hatua ya 1: jua unamsikiliza nani kwanza

Barabarani kuna wasemaji wengi na wakati mwingine wanapingana. Mpangilio uko hivi: trafiki akiwepo anaongoza magari, yeye ndio neno la mwisho, hata taa ikiwa ya kijani na yeye kakuzuia unabaki hapo hapo. Kama hayupo unafuata taa. Kama hakuna taa unafuata vibao na michoro ya chini. Kama hakuna chochote, ndio unaingia kwenye kanuni za jumla, za nani katokea kulia na nani anakata kona.

Trafiki anasomwa kwa mwili. Amekupa kifua au mgongo huku mikono kainyoosha pembeni, simama. Amekupa ubavu, upande wako ndio unaenda. Mkono mmoja juu wima, wote tulieni, anabadilisha zamu. Jioni pale makutano ya Morocco au Magomeni anaweza kuwaachia upande mmoja dakika kumi nyie mnaungua jua tu, piga honi utakavyo ila usijaribu kuchomoka kwa sababu taa imekuruhusu.

Kwenye mataa watu wanadhani wanajua, ila njano ndio inatutia aibu. Njano maana yake simama, isipokuwa umeshafika karibu mno kiasi kwamba ukipiga breki utasababisha balaa. Huku kwetu imegeuka kuwa "ongeza mwendo". Na kijani haimaanishi ufunge macho uende, maana kuna mtu kabakia katikati ya makutano toka zamu iliyopita, kuna bodaboda anamalizia nyekundu yake, kuna bibi hajamaliza kuvuka. Wote hao unawasubiri wamalize, hata kama aliyeko nyuma yako anapiga honi sekunde ileile taa ilipobadilika. Nyekundu ni nyekundu hata kwa anayekata kushoto, labda kuwe na mshale wa kijani au kile kinjia cha pembeni kilichotengwa.

Umeme ukikata na taa zikafa, usifuate mkumbo wa gari la mbele. Hesabu hapo hakuna taa, punguza mpaka karibu kusimama, na mpishane mmoja mmoja kwa kutazamana.

Hatua ya 2: makutano, njia panda na wanaotoka vichochoroni

Jifunze vibao viwili tu kwanza. Pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, ni ya kutoa njia, yani punguza na kama kuna mtu kwenye barabara kuu mpishe. Chenye pembe nane ni cha kusimama, na kusimama ni matairi kutulia kabisa hata kama barabara unaiona nyeupe pande zote, siyo kutambaa kwa gia ya kwanza. Vimepewa maumbo ya peke yake kwa makusudi ili uvitambue hata vikiwa na vumbi, hata mtu akiwa kabandika tangazo la mganga juu yake, na hata ukikiona kwa nyuma ujue yule wa upande wa pili ndio kaambiwa asimame.

Pasipo na kibao wala mchoro, mpishe anayetokea kulia kwako. Kwenye njia panda ile ya herufi T, ambaye barabara yake inaishia hapo ndio anapisha. Unayetaka kukata kulia unawapisha wanaokuja mbele yako wanaonyoosha, hata kama umefika wa kwanza na umewasha indiketa toka juzi. Indiketa ni taarifa tu, haimlazimishi mtu. Na ukikata kona, kulia au kushoto, mtu wa miguu aliyeshaanza kukatiza ile barabara unayoingia ana haki ya kumaliza, wewe unamsubiri. Hili la mwisho ukimwambia dereva wa Dar anakucheka usoni.

Unayetoka sheli, getini kwako, kwenye servisi rodi au kwenye kichochoro cha vumbi unampisha kila mtu, na hapo namaanisha kila mtu, mpaka anayepita na mkokoteni na mtoto anayepita pembeni na mfuko wa maandazi. Tatizo la wengi ni kutokeza pua ya gari kwanza halafu ndio watazame. Pua yako ikishatokeza, mwenye baiskeli inabidi akupishe kwa kuingia barabarani kwenye magari, na wewe hata hutajua umefanya nini.

Kingine, usiingie makutano kama hujaona pa kutokea. Foleni ya upande wa pili haijasogea, wewe unajiingiza katikati eti kijani bado ipo, taa inabadilika umewafungia watu wa pande mbili, na ndio pale unasikia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Neno kidogo kuhusu dabo, zile indiketa mbili kwa pamoja. Sijui nani alitufundisha kwamba ukifika njia panda na unanyoosha uwashe dabo. Aliyeko kushoto kwako anaona indiketa ya kushoto tu, aliyeko kulia anaona ya kulia tu, kila mmoja anajua unakuja kwake. Unanyoosha? Usiwashe kitu.

Hatua ya 3: kipilefti

Ndio ule mzunguko wa magari kwenye makutano. Jina lenyewe limetoka kwenye kibao cha Kiingereza, "keep left", cha kuwaambia watu wakae kushoto, na kweli ndivyo inavyozungukwa, unaingia kwa kushoto na kisiwa kinabaki mkono wako wa kulia. Pale Sanamu ya Askari, ambayo imesimama toka 1927 na bunduki yake, nimeona watu wenye leseni ya miaka ishirini wakiingia kama wanaingia sokoni.

Fanya hivi. Ukikaribia, punguza na tazama kulia tu kwanza, maana aliyeshaingia ndani atatokea huko na huyo ndio unampisha. Haijalishi yeye ni bajaji na wewe ni lori la mchanga. Akiwepo unasubiri mstarini, akiwa hayupo unaingia bila kusimama, kusimama bila sababu nako ni kosa la adabu, aliyeko nyuma yako alishajiandaa kwenda na wewe. Mdogo wangu wa kike siku ya kwanza alisimama pale mpaka konda wa daladala ya nyuma akashuka kuja kumuuliza "dada, kuna usalama?"

Kama unatoka njia ya kwanza, kaa leni ya kushoto na indiketa ya kushoto toka mwanzo. Unanyoosha, usiwashe kitu ukiingia, ukishapita ile njia kabla ya yako ndio washa kushoto. Unaenda ya kulia au unageuza kabisa, ingia na indiketa ya kulia, shika leni ya ndani, afu ukikaribia kutoka badilisha kushoto na kabla ya kuhama angalia saitimira ya kushoto na bega lako, kwa sababu hapo ndipo bodaboda anapenda kujificha. Ukikosa njia yako usikate ghafla, zunguka tena. Hakuna faini ya kuzunguka mara mbili.

Ukiwa ndani usisimame kumpisha anayetaka kuingia. Najua unaona ni ukarimu. Unawachanganya wote walio nyuma yako ambao walijua wewe unaendelea.

Hatua ya 4: zebra, kwa aliyeshika usukani

Hapa nitakaa kidogo.

Mtu akiwa kwenye zebra, dereva anasimama. Haina mjadala, haina "alikuwa hajafika upande wangu". Na gari lililosimama kwenye zebra haliovatekiwi. Wala usipaki juu ya zebra wala karibu yake ukawa ukuta. Usiposimama ukakutwa, faini yetu ya kawaida ni shilingi 30,000 kwa kosa, bodaboda na bajaji walishushiwa mpaka 10,000 mwaka 2021. Lakini tuache faini, tupige hesabu.

Mwendo wa kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda kama mita 14 kila sekunde. Mpaka ubongo wako uone mtu na mguu uhame kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, sekunde moja imeshakwenda, kwaiyo mita 14 zimeliwa kabla breki haijaanza kazi. Breki yenyewe kwenye lami kavu na matairi mazima inakula nyingine kama hizo, jumla unakaribia mita 28. Ukiwa na 80 unahitaji karibu mita 60 mpaka usimame. Mvua ikinyesha, tairi vipara, ongeza mwenyewe. Yani ile "nilimwona ila nikashindwa kusimama" mara nyingi ni kweli kabisa, kosa lilishafanyika mita hamsini nyuma ulipoona kibao cha zebra na hukutoa mguu kwenye mafuta.

Kwaiyo ukiona kibao au michirizi, hata kama hakuna mtu, toa mguu kwenye mafuta na uweke juu ya breki bila kukanyaga. Tazama kioo cha kati, nani yuko nyuma, yuko karibu kiasi gani. Halafu tazama pembeni pote mpaka kwenye miguu ya watu. Mtu anayetaka kuvuka mwili wake unasema mapema, unaona kisigino kimeinuka au kageuza bega.

Ukisimama, simama mbali na michirizi, gari moja nzima hivi, usisogee mpaka bampa linagusa nyeupe. Hili ndio nililojifunza kwa yule mama wa vibua. Ukisimama mbali, dereva wa leni nyingine anamwona anayevuka mapema, na anayevuka anamwona yeye. Ukisimama juu ya zebra unakuwa pazia. Toa na mkono dirishani uupunge juu na chini taratibu, wa nyuma yako waelewe unasimama, siyo unaharibikiwa.

Na usimpungie mtu mkono wa "pita pita". Ukimpungia anakuamini, anakimbia, na anayemgonga siyo wewe ni wa leni ya pili. Simama tu, tulia, mwache aangalie mwenyewe aamue. Anaweza kuchukua muda. Mzee mwenye fimbo, mama mwenye watoto watatu na mmoja mgongoni, asiyeona mwenye fimbo nyeupe, hao subira yao siyo kama ya kijana, na honi inawavuruga tu.

Sasa wewe ukiwa ndio yule wa leni ya pili. Ukiona gari limesimama mahali pasipo na kituo na mbele yake kuna michirizi, jiambie hapo kuna mtu simwoni. Simama nawe sambamba. Ukikosea ukakuta hakuna mtu umepoteza sekunde nne.

Bodaboda ndugu zangu, nanyi mmo. Foleni ikisimama kwenye zebra mnapita katikati ya magari, mtu anatokea mbele ya basi huyo, wewe unakuja. Anajua magari yamesimama, hakuwa na habari yako.

Hatua ya 5: zebra, na pasipo na zebra, kwa mtu wa miguu

Nami ni mtu wa miguu siku nyingi kuliko niwavyo dereva, mafuta siyo maji. Kwaiyo siwaandikii kama mtu wa kwenye kiyoyozi.

Kwanza mahali. Kama kuna zebra, taa au daraja la juu ndani ya hatua chache, tumia. Manzese kituo kinaitwa Darajani kwa sababu daraja lipo, na bado utakuta kijana anaruka chini yake katikati ya magari, ngazi zinamshinda eti. Pasipo na zebra kabisa, haki yako ni ndogo, unavuka ukiwa umehakikisha humkatizi mtu.

Pili pa kusimama. Simama ukingoni unapoonekana, usijibane nyuma ya daladala iliyopaki wala nyuma ya meza ya mahindi ya kuchoma. Ukishuka daladala usikatize mbele ya pua yake hata siku moja, konda anakuambia "wahi mama wahi", yeye anataka kuondoka, siyo yeye atakayegongwa. Subiri iondoke, uone na uonekane.

Tatu macho. Huku magari yanatembea kushoto, kwaiyo la kwanza kukufikia linatokea kulia. Kulia, kushoto, kulia tena, wimbo wa shule ya msingi, na bado ndio unaofanya kazi. Mtafute dereva kwa macho kabisa. Akikutazama na gari linapungua, weka mguu. Akiwa na simu sikioni au kioo cheusi humwoni, subiri matairi yasimame. Usitazame uso wa gari, tazama tairi, tairi halidanganyi kama linapungua au la.

Nne, vuka leni kwa leni. Gari la kwanza limekusimamia, asante, tembea mpaka mwisho wa boneti yake na hapo usimame tena, chungulia. Usikimbie. Ukikimbia unatokea ghafla na hata breki nzuri haikusaidii, na ukianguka unaanguka katikati. Kama kuna kisiwa katikati, hesabu umevuka barabara moja, sasa unaanza nyingine upya, kuangalia upya.

Usiingie barabarani kwa kumjaribu dereva ukijua "lazima asimame". Sheria iko upande wako, ni kweli. Ila sheria haina breki.

Tano, pa kutembea. Barabara isiyo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ili magari ya karibu yaje yakikutazama usoni. Watu wengi wanatembea kushoto na gari linawatokea mgongoni. Usiku ni mbaya zaidi, nguo nyeusi kwenye barabara isiyo na taa dereva anakuona ukiwa umeshafika kwenye bampa. Kitu chochote cheupe, hata kitambaa mkononi, au tochi ya simu ukiielekeza chini, kinasaidia. Spika za masikioni toa walau moja unapovuka. Mtoto mdogo mshike kwenye kiwiko, kiganja kinateleza, na mweke upande wa mbali na magari.

Kwenye njia za mwendokasi ongeza akili. Toka ilipoanza 2016 Morogoro Road siyo barabara moja tena, ni kama tatu zimelala pamoja: magari ya kawaida, mabasi kwenda na kurudi katikati, halafu magari ya kawaida tena. Foleni ya kawaida inaweza kuwa imekufa kabisa, watu wamezima injini, wewe ukadhani barabara nzima imelala, kumbe katikati basi refu linakuja tupu kwa spidi yake na halina foleni. Usizoee sauti ya foleni. Pale penye taa ya mtu mwekundu na mtu wa kijani, subiri wa kijani, halafu bado tazama. Na kwenye njia hizo tazama pande zote mbili kila mara, maana kuna wajanja wa pikipiki na wa magari yenye vimulimuli wanaingia humo, wengine kwa upande usio wao. Dereva wa gari binafsi, ile njia siyo yako hata kama umechelewa harusi.

Hatua ya 6: wanaopishwa na wote

Gari la wagonjwa, zimamoto na polisi wakiwa na king'ora na taa, na misafara. Ukisikia, usipige breki ya kushtuka, tambua kwanza sauti inatoka wapi, washa indiketa ya kushoto, sogea, simama. Kama uko kwenye foleni iliyobana, wa leni ya kushoto abane kushoto, wa kulia abane kulia, katikati kunafunguka. Usipite taa nyekundu kwa kukurupuka, atakupita mwenyewe. Na jamani ile ya kulifuata gari la wagonjwa kwa nyuma ili uteleze nalo kwenye foleni, nimeiona kwa macho yangu, mtu kavaa suti.

Treni haipishi mtu. Inahitaji mamia ya mita kusimama, kwaiyo kwenye makutano ya reli unasimama, unashusha kioo, unazima redio, unatazama pande zote mbili. Usianze kuvuka kama gari la mbele yako halijatoa nafasi ya wewe kumalizia ng'ambo ya pili.

Hatua ya 7: safari ndefu, milima na barabara nyembamba

Kizuizi kikiwa saiti yako, yani upande wako wa barabara, gari bovu, ng'ombe, shimo, wewe ndio unasubiri wa upande wa pili apite. Watu wanafanya kinyume, wanawasha taa kubwa kumfukuza mwenye haki yake. Hilo la kuwasha taa lenyewe ni lugha mbovu maana kwa mmoja ni "pita nimekuachia" na kwa mwingine ni "kaa pembeni nakuja", nimeona wawili wakielewana vibaya kwenye daraja dogo wakakutana katikati.

Matawi ya miti yaliyotupwa barabarani usiyapuuze, mbele kuna gari limekwama. Sheria inataka pembetatu za kung'aa, ila tawi ndio tunalolijua wote. Ukiondoka, na matawi yako uyaondoe.

Malori ya safari yana desturi yao: aliye mbele akikuwashia indiketa ya kulia anakuambia usiovateki kuna kitu kinakuja, akiwasha ya kushoto anasema pita. Ni wema, siyo sheria, na wakati mwingine jamaa anakata kulia kweli. Ovateki kwa macho yako, mstari usiokatika usiuvuke hata akikuitia indiketa mpaka kesho.

Milimani, kama ile ya Mombo kupanda Lushoto, upande huu mwamba na upande ule korongo, madereva wa kule wanakufundisha haraka: anayeshuka anampisha anayepanda, maana mwenye mzigo akisimama kwenye mwinuko kuanza tena ni kazi na anaweza kurudi nyuma. Kwenye kona usiyoona piga honi fupi kabla hujaingia, na kaa saiti yako hata kama unaona uko peke yako duniani.

Hatua ya 8: ukivuka mpaka

Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji ni kushoto kama sisi, huko utasumbuliwa na mambo mengine. Ila Rwanda, Burundi na Kongo ni kulia. Ukifika Rusumo ukavuka Kagera, saiti inahama. Dereva mzoefu wa lori anahama nayo bila kufikiria, shida inakuja asubuhi, umelala, umeamka, umewasha gari peke yako kwenye barabara isiyo na mtu, mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Jamaa mmoja niliyesafiri naye alibandika kipande cha utepe mwekundu upande wa kulia wa kioo cha mbele, kila anapokaa kwenye usukani anakiona. Kuovateki nako kunakuwa kugumu, usukani wako uko kulia na barabara ya kuchungulia iko kushoto, utingo ndio anakuwa macho yako, na kama humwamini utingo wako usiovateki. Kwenye mizunguko magari yanazunguka kinyume na ulivyozoea, walioko ndani wanakutokea kushoto.

Anayeumia zaidi ni wa miguu, kwa sababu hakuna anayemkumbusha. Utingo wa jamaa huyo, miaka yake yote kaimba kulia kushoto kulia, tumeshuka Kigali kununua maji, akatazama kulia, kweupe, akaweka mguu. Nikamvuta shati, kifungo kikabaki mkononi mwangu, pikipiki ikapita ikitokea kushoto. Huko ukishuka kwenye gari, ni kushoto kwanza, halafu kulia, halafu kushoto tena.